Mtu wa Ukurasa wa Tisa

...na hapa palishakwanguliwa mara moja, ndiyo shida yenyewe, mwezi ule walipotaka mtoto atuliwe ndoo kichwani, maana wafadhili hawapendi kuona mtoto wa kitabuni amebeba ndoo, kana kwamba maji ya huku Mwembesongo, Morogoro, yanatembea yenyewe, basi akatuliwa, akachorewa nywele mahali pa ndoo, na karatasi ikabaki nyepesi kama ganda la kitunguu kuanzia utosini mwa mtoto mpaka begani mwa yule mtu aliyesimama kando yake, ukiiinua dirishani unaona mwanga unavyopita, kwa hiyo wembe ukishuka safari hii unashuka mara moja, mkono ukiteleza ni tundu, na tundu halina dawa, ni kuanza ukurasa mzima upya, milima, migomba, matuta, jani kwa jani, na gari la Bwana Anselmi linaondoka kwenda Dar es Salaam saa tisa. Filomena aliushika wembe kwa vidole viwili juu ya meza, hakuushusha. Upande wa pili wa meza Anselmi alikuwa anakunywa chai na kuongea, alianza kuongea tangu hajavuka kizingiti, mtu mwema, hana baya, mtu wa Bukoba mwenye mkoba wa ngozi na shati la mikono mifupi, kazi yake kuzunguka na michoro ya vitabu vya watoto kati ya wachoraji na wakubwa wake, na leo ametumwa kitu kimoja tu, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kikaratasi kilichobanwa juu ya mchoro, Uk. 9, mtu huyu aondolewe, awekwe baba. "Humwondoi kabisa, Mama Regina," alikuwa anasema, "unambadilisha tu hapo hapo aliposimama, unampa uso wa baba." Uso wa baba ukoje, alitaka kumuuliza, una masharubu, una miwani, baba wa nani, lakini kinywa kilikuwa kizito, tangu alfajiri amechota maji, amefua, amepika uji, ameuza uji, amerudi, na mtu wa namna hiyo hapotezi nguvu kumuuliza mgeni swali ambalo jibu lake anatembea nalo kwenye kikaratasi chekundu. "Ni wale watoto wametuponza," Anselmi aliendelea, "tumekijaribu kitabu kwenye shule mbili, moja ya hapa mjini, moja ya kule juu mlimani, mwalimu anafungua ukurasa, anauliza lile swali la chini ya picha, huyu ni nani, wa mjini wote wanajibu baba, wa mlimani, Mama Regina, darasa zima, kama kwaya, mjomba! Mwalimu anawaambia hapana, someni maneno, wanasoma vizuri tu, Baba ananionyesha shamba letu, haya, huyu ni nani? Mjomba!" Alicheka mpaka chai ikamwagikia kisahani. "Na mwongozo wa mwalimu umeshapigwa chapa, jibu ni baba. Nyie Waluguru mna mambo. Sasa baba kwenu kazi yake nini?"

"Kulima," alisema Filomena.

"Shamba la nani?"

"La mkewe."

"Basi kumbe mgeni!"

"Mgeni anayelima. Wengine wanakunywa chai tu."

"Hapo umenipiga," alisema Anselmi, akacheka tena, akajimiminia nyingine bila kuambiwa karibu, na Filomena akashukuru kwamba amecheka maana mtu anayecheka hatazami saa, akaurudisha uso kwenye karatasi, kwenye kofia ya yule mtu, kofia ya pama iliyokunjwa upande mmoja, na gunia tupu lililokunjwa begani, na kiganja kizima kimenyooshwa, si kidole, Ernest haonyeshi kitu kwa kidole, hata barabara hamwonyeshi mtu kwa kidole, anafungua kiganja kama anayekupa. Hakukusudia kumchora kaka yake. Karatasi ya kwanza aliyopewa haikuwa na maneno ya kitabu, ilikuwa orodha tu, ukurasa wa saba bibi anasuka ukili, wa nane ndugu wanakula pamoja, wa tisa mtu mzima anamwonyesha mtoto shamba la familia, na mkono ukaenda, maana mtu mzima anayemwonyesha mtoto shamba ni nani mwingine, kule juu lukolo, ukoo ule wa damu, unapita kwa mama, ardhi ni ya lukolo, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama, baba anaweza kulilima mpaka mgongo ukapinda lakini kumwonyesha mtoto na kusema hili letu, hapana, angeonekana amelewa. Hayo hakuyafikiri, aliyachora. Kisha maneno yakaja kutoka Dar es Salaam, yameandikwa na mtu ambaye kwao shamba ni la baba, yakabandikwa chini ya picha, na hakuna aliyegundua, si mhariri, si wafadhili, hata yeye mwenyewe aliposoma Baba ananionyesha shamba letu aliona neno baba akaruka kama mtu anavyoruka dimbwi alilolizoea mlangoni kwake. Mwanahawa wa nyumba ya pili peke yake ndiye aliyetia neno, alikuja kuazima kinu akaiona michoro imetandazwa, akasoma, akainama, akasema, "Baba? Huyu si shemeji Benedikto huyu. Shemeji Benedikto mimi sijawahi kumwona amesimama wima namna hii," wakacheka wote wawili, na Filomena alicheka zaidi kwa sababu ni kweli, mumewe Benedikto alikuwa mtu wa kuegemea, mlango, nguzo, mashine, alikuwa anaegemea mashine za kufumia kule kiwanda cha vitenge mpaka msimamizi akamwita pazia, na walipopunguzwa kazi wote wawili siku moja, yeye kutoka kwenye mashine na Filomena kutoka kwenye chumba cha michoro, aliegemea ukuta wa kiwanda kwa nje muda mrefu kana kwamba ukuta ndio umeachishwa kazi, kisha akaenda Mererani machimboni kutafuta mawe ya thamani, mwaka wa kwanza barua, mwaka wa pili salamu za mdomo, mwaka wa tatu hakuna. Hana chuki naye. Chuki inataka nafasi, na nyumba hii ina chumba kimoja na sebule.

"...kwaya nzima, mjomba," Anselmi alikuwa anasema, sijui kwa nani, anajirudishia mwenyewe utamu wake, na nje uani Regina alikuwa anaanika nguo, leo Jumamosi, kamba inalia kila anapoivuta, mtoto wa miaka kumi na miwili tayari kamba anaifikia bila kujinyoosha, darasa la sita, mwakani la saba, na juzi tu akiwa anachambua mchele amesema bila kuinua macho, "Mama, hata nisipochaguliwa sekondari mimi sina wasiwasi, naenda kwetu kulima shamba langu," shamba langu, na chini ya kitanda ana kopo la maziwa ya unga lenye mbegu, za njegere, za mchicha, za maboga, amezifunga kila moja kwenye kipande cha gazeti na kuandika jina, na mchoro huu ulipomalizika ndiye wa kwanza kuuona, akaweka kidole, "Huyu mimi, huyu mjomba, hili shamba langu," akaenda kuwasimulia wenzake shuleni kwamba kitabu kikitoka watamwona yeye na shamba lake, na Filomena alikuwa anasafisha kalamu kwa kitambaa, aliendelea kuisafisha, ilikuwa safi tayari. Hilo sasa si la leo. La leo ni wembe. Mzee Ahmadi wa chumba cha michoro alikuwa anasema kwangua, usikate, laza wembe kama unamnyoa mtoto, upande mmoja tu, usirudi, kisha sugua kwa ukucha mpaka karatasi ing'ae, la sivyo wino mpya utatambaa kama utando wa buibui, miaka kumi na miwili alifanya hivyo, maua ya vitenge, kingo za khanga, tausi, korosho, akitoa jani hapa akiweka jani pale, na hakuna kitenge hata kimoja kilichomuuliza huyu ni nani, wala hakuna jani lililowahi kuwa na kaka yake. Siku walipofunga chumba Mzee Ahmadi aligawa vifaa kama mtu anayegawa urithi, kalamu kwa huyu, rula kwa yule, Filomena akapata kisanduku cha nyembe, wakatoka nje, na wiki ileile soko lilikuwa limejaa vitambaa kutoka ng'ambo vyenye maua yasiyojulikana yameota nchi gani.

Kwa nini basi asishushe wembe. Ni kazi. Asiposhusha yuko kijana Dar es Salaam amesomea kuchora, anasubiri, Anselmi hakulisema kwa ubaya, alilisema akiwa anatafuta sukari, "mkuu anasema kama una shughuli nyingi tumpe yule kijana," na kitabu cha pili cha mfululizo huu kingeenda kwa kijana, na cha tatu, na yeye angebaki na uji wa asubuhi. Lakini wale watoto wa mlimani wamejibu sawa. Hilo ndilo lililokuwa linamzuia, alijiambia hivyo, alianza hata kuyapanga maneno, Bwana Anselmi, juu ya jalada mmeandika Familia Yetu, Asili Yetu, sasa asili ya nani, maana watoto wale wameletewa kitabu kwa mara ya kwanza kinachofanana na kwao, wameona kofia, wameona kiganja, wamemtambua mtu wao wakapaza sauti, halafu mwalimu anawaambia mmekosa, mtoto anajifunza nini hapo, anajifunza kwamba macho yake yanamdanganya na maneno ndiyo kweli, badilisheni maneno, neno moja tu, mnalifuta kwa sekunde, msinifutishe mtu mimi. Yalikuwa maneno mazuri. Yalisimama yenyewe. Aliyazungusha kichwani mara ya pili akaona yanazidi kuwa mazuri, akahisi mgongo umenyooka kidogo kwenye kiti, akaona kabisa anavyouweka wembe chini na kusema, kwa adabu, mimi huyu simfuti, na Anselmi akikuna kichwa, na wakubwa huko Dar es Salaam wakisoma barua yake, aliyoandika kwa mwandiko wake wa kidato cha nne, wakisema kumbe kuna mama Morogoro...

"...halafu sikukwambia lililotuvunja mbavu," alisema Anselmi, "kuna kabinti kamoja kule juu, ka darasa la pili, kamesimama kenyewe, hakakuulizwa, kanasema mwalimu, huyo ni mjomba Ernest, na hilo shamba ni la mama yangu!"

Filomena aliisogeza karatasi karibu na macho.

"Mwalimu anakauliza umejuaje, kanasema mfenesi huu hapa, na jiwe hili hapa tunalokaa tukila, na hapa panatelemka kisimani. Kanaonyesha kwenye picha! Wenzake wanakaambia kaa chini, hiki kitabu cha Dar es Salaam, kanalia. Kanasema ni letu, ni la mama yake, Winfrida." Alitikisa kichwa. "Watoto! Lakini hiyo sifa yako, Mama Regina, umechora mpaka mtoto anaona kwao."

"Watoto," alisema Filomena, sauti ilitoka kawaida kabisa, alishangaa jinsi ilivyotoka kawaida, ...na mfenesi ndiyo, aliuchora, na jiwe aliliweka pale kwenye kona ya chini kwa sababu kona ilikuwa tupu na jicho linataka kitu kizito chini upande wa kushoto, hivyo alivyojiambia, na njia ya kisimani ni mistari mitatu tu, nani angejua mistari mitatu, mtoto wa Winfrida angejua, anaipita kila siku na ndoo kichwani, ndoo ile waliyoikataa wafadhili, na amesimama darasani akasema kweli akaambiwa kaa chini, mtoto wa miaka minane amelia kwa ajili ya kweli aliyoichora Filomena kama uongo. Maana ni la Winfrida. Mbele ya lukolo yote ni la Winfrida, binti wa mama mkubwa, amelilima mwaka wa tisa sasa, migomba ile ameipanda yeye, ile aliyoichora jani kwa jani, na siku ile yenyewe, siku hii iliyomo kwenye mchoro, Winfrida alikuwamo shambani, upande wa chini, ameinama, hakumchora. Regina alikuwa na miaka sita. Walikuwa wanapanda, Ernest mbele, mtoto katikati, yeye nyuma anahema, na mtoto akauliza, sauti nyembamba ile ya watoto waliosikia jambo kwa wakubwa, "Mjomba, na letu sisi liko wapi?" Ernest akasimama. Akageuka, hakumtazama mtoto, alimtazama dada yake juu ya kichwa cha mtoto, muda mrefu, alikuwa anamngoja aseme, na yeye akatazama mjini huko chini, mabati ya kiwanda yanang'aa kwenye jua, akatazama kama mtu anayehesabu mabati. Basi Ernest akafungua kiganja. "Hili hapa, mwanangu. Kuanzia kwenye mfenesi." Na Winfrida kule chini akainuka, akajishika kiuno, akapunga mkono, na mtoto akauliza yule nani, na hapo ndipo yeye Filomena alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu waanze kupanda, akasema, "Mama yako mdogo Winfrida, anatutunzia." Anatutunzia. Neno moja, na mtoto amelijengea nyumba, amelipandia njegere, amelala juu ya mbegu zake miaka yote hii, mama mdogo anatutunzia, tukikua tutaenda, na mwalimu wa hesabu alipomwita mama yake mwaka huu kumwambia huyu mtoto anaweza ila hajisumbui, Filomena aliitikia ndiyo mwalimu, nitamsema, akarudi nyumbani akamsema kuhusu hesabu.

Kwa hiyo si watoto wa mlimani aliokuwa anawatetea. Aliliona hilo polepole, kama kitu kinachojitokeza kwenye karatasi ukiiinua dirishani, na hakulipenda. Asili yetu, kofia, kiganja, maneno yote yale mazuri yaliyomnyoosha mgongo, yalikuwa ya kulinda ukurasa, na ukurasa ni mahali pekee ambapo shamba bado lipo, Ernest bado ananyoosha mkono, na yeye mwenyewe hayumo pichani, hajatazama mjini, hajasema neno. Amemchora mtoto, amemchora mjomba, amemchora mfenesi, akamwacha nje mama. Kitabu cha familia, kurasa kumi na sita, ukurasa wa tisa hauna mama, na wakubwa wote hao wenye kalamu nyekundu hakuna aliyeuliza mama yuko wapi. Na kama kitabu kitatoka na Ernest ndani yake, hata akiitwa baba, hata akiitwa askofu, kitapanda mlimani kwenye lori na madawati, watakipokea, Winfrida atakiona, atasema Filomena amelichora shamba langu amempa mwanawe, na siku Regina atakapopanda na kopo lake, maana atapanda, yule mtoto akisema kitu anafanya, ni nani atakayemwambia, katamwambia kabinti ka darasa la pili, kalishaanza, kamefanya mazoezi darasani mbele ya watu.

"Saa zinakwenda," alisema Anselmi. "Au tuuache huo uso, ubadilishe kofia tu? Ukimvisha shati la kola na saa ya mkono, si atakuwa baba?"

"Atakuwa baba," alisema Filomena.

"Na huo mfenesi kama unakupa shida uache."

"Hapana, mfenesi nautoa. Naweka mpapai." Mpapai uko kila mahali, mpapai hauna mwenyewe. Na jiwe litoke, kona ibaki tupu, na njia ya kisimani itoke, liwe shamba la kitabuni tu, la mtu yeyote, baba yeyote mwenye kola amwonyeshe mtoto yeyote, watoto wa mlimani watasema baba kwa kuwa hawatamjua, na watakuwa wamekosa kidogo, lakini ni kukosa kwa kitabu, watoto wanajua kuviacha vitabu mlangoni wanaporudi kwao. Alimtazama Ernest. Hakuwa na la kumwomba Ernest wa karatasi. Ernest mwenyewe yuko hai, anakohoa, anateremka kila Desemba na mkungu wa ndizi, anakaa kwenye kiti hicho hicho cha Anselmi, anamtazama dada yake, hasemi, miaka tisa anamtazama vile, na yeye miaka tisa amekuwa akiwaambia watu, alimwambia Mwanahawa, alimwambia hata Benedikto kabla hajaondoka, kaka yangu aligawa shamba letu nikiwa kazini, kaka yangu ana upendeleo, hata mlango wa kwetu siujui tena, ameusema uongo huo mara nyingi mpaka una sauti ya kweli na una machozi yake tayari, ukiuanza yanatoka. Wembe ulikuwa bado juu ya bega la yule mtu, kivuli chake chembamba kimelala kwenye karatasi, mkono wenyewe umeulaza kama unamnyoa mtoto, Mzee Ahmadi angeusifu. Nje kamba ililia, Regina alikuwa anaimba wimbo wa redioni nusu nusu, ule upande anaoujua, anaurudia. Gari likishaondoka. Si kesho, kesho kuna kanisa na watu, na keshokutwa ni shule, leo, gari likishaondoka na vumbi likatulia, atamwita, hatamkalisha chini, mtoto akikalishwa chini anajua kuna msiba, atamwambia wakiwa wanakunja nguo, kila mmoja ameshika ncha zake za shuka, hivyo mikono itakuwa na kazi. Atamwambia lile shamba si lako. Regina atakataa, atasema mjomba alinionyesha. Atamwambia mjomba alikuonyesha kwa kuwa mimi nilinyamaza. Atauliza nani alilitoa, mtoto huyu lazima aulize, na hapo, hapo ndipo panapotaka mkono mwepesi, upande mmoja tu, bila kurudi, aseme yote kwa mkupuo kabla yale machozi ya siku zote hayajamwahi, kwamba siku ya kuanua tanga la bibi yako lukolo ilikaa, mjomba Ernest akaniuliza mbele ya wote, dada, shamba la mama unalitaka au hulitaki, nikasema sina haja nalo, mimi mtu wa kiwandani, mpeni mwenye nafasi ya kupanda milima, na mjomba wako hakuridhika, akanifuata mpaka njiani nikiwa nateremka, akaniuliza mara ya pili, tukiwa wawili tu, nikamjibu bila kusimama, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha, na nilikuwa nimevaa viatu vipya, na nilikuwa natazama mahali pa kukanyaga.